Neno Nililoliongezea Mkia

Mliniacha wiki jana nimesimama nje ya geti la kiwanda cha magari, shingo juu, naukodolea macho ubao mpya, na kando yangu mchumba wangu amejishika mbavu kwa kicheko. Wanaonifuatilia tangu mwanzo watasema hiyo ni nafuu. Kule kwenye uchapishaji nilifukuzwa kwa sababu nilisahihisha kadi mia tatu za harusi zikawa kadi za arusi, na mama wa bwana harusi akanikimbiza mtaa mzima na kiatu mkononi. Huku kwenye magari hakuna aliyekuwa ameshika kiatu bado.

Kwa mliochelewa, mimi ndiye yule ambaye watu wanamwita Kamusi. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi sita, kazi yangu kutafsiri barua zinazotoka makao makuu. Kazi hiyo nilitafutiwa na fundi mkuu wa karakana ya viti, mzee mmoja mpole, na mimi kwa shukrani nikampenda binti yake. Binti anafanya kazi humohumo, anapima moshi wa magari kabla hayajatoka kiwandani.

Mzee aliipokea posa yangu kwa sharti moja. Alisema hakumsomesha mwanawe aje aolewe na kibarua. Siku nitakayopewa barua ya ajira ya kudumu, siku hiyohiyo tutapanga tarehe. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Basi, nikamuuliza mchumba wangu anacheka nini. Akaniambia nisome ubao kwa sauti.

Nikasoma, tena kwa mbwembwe, maana maneno yalikuwa yangu. "Kiwanda chetu kinaahidi kupunguza ukaaji kwa asilimia hamsini katika ofisi, karakana na magari yake yote, ili kuikinga dunia na ongezeko la joto."

"Ukaaji," akasema.

Nikamweleza kwa upole wa mtaalamu. Makao makuu walikuwa wanazungumzia ile hewa chafu inayotoka na moshi, ile inayoitia dunia joto. Kiswahili kinaiita ukaa. Lakini kila nikilitazama neno hilo nilikuwa naliona limekatika, kama mtu aliyeondoka katikati ya mazungumzo. Kwa hiyo nikaliongezea mkia.

"Ukaa ndiyo ninayoipima kila siku," akasema, anafuta machozi. "Ukaaji ni kukaa. Kwenye kiti. Wewe umeahidi kwamba tutaacha kukaa."

Nilisikia ubaridi kuanzia utosini hadi kwenye soksi. Nilikuwa nimechukua neno zima, lenye afya yake, nikalisahihisha mpaka likaumwa.

Akanishauri niende kwa Mkurugenzi palepale nikaseme kabla jambo halijakua. Nilikwenda, wala msidhani sikwenda. Nilifika hadi mlangoni, na mlango ulikuwa wazi, na Mkurugenzi alikuwa kwenye simu anamweleza mtu kwamba ahadi ile ameiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, neno baada ya neno. Sasa mtu wa namna hiyo unamwanzaje? Nikarudi kinyumenyume. Nikaamua kukaa kimya, na huo ndio mkao pekee uliobaki halali kiwandani kuanzia siku hiyo.

Maana kiwanda kile kina Meneja wa Utawala, mama mmoja tuliyempa jina la Mara Moja, kwa kuwa kila agizo lake linaishia kwa maneno hayo. Yeye karatasi yenye muhuri haulizi imetoka wapi wala ina akili kiasi gani. Anaitekeleza. Jumatatu asubuhi alipita ofisi kwa ofisi akihesabu viti, na kufikia saa nne nusu yake vilikuwa vimerundikwa ghalani. Viti vilivyobaki vikawa vya watu wawiliwawili.

Mhasibu na mtunza stoo waligawana kimoja. Siku ya kwanza walipokezana kwa heshima. Siku ya pili walikutwa wamekaa wote kwa pamoja, migongo imegusana, hawasemeshani. Siku ya tatu wakashikana mashati.

Mara Moja akatoa waraka wa pili. Ulisema mtu akikaa kwa matako yote mawili hiyo ni asilimia mia, kwa hiyo mwenye nia njema na dunia akae kwa moja. Upande autakao mwenyewe.

Mtunza stoo, ambaye ana mdomo, alisimama mkutanoni akamuuliza Mkurugenzi viti na joto la dunia vinahusiana vipi. Nikajua mambo yamefika mwisho na nitapumua. Lakini Mkurugenzi ni msomi, na msomi hakosi sababu. Alimwambia Mara Moja, ambaye alikuwa amekaa nusu, ainuke. Kisha akamwita mtunza stoo mbele.

"Gusa hapo alipokuwa amekaa," akamwambia. "Unasikia nini?"

Mtunza stoo akagusa. Akakiri kwamba kuna joto.

"Basi zidisha kwa wafanyakazi mia nne," akasema Mkurugenzi, na mkutano ukafungwa.

Wiki ikaisha. Zamu ikafika kwa vyoo. Tulikuwa na vinane, vinne vya kuchuchumaa na vinne vya kukaa. Mara Moja alivifunga kufuli vya kukaa vyote, akaandika kwenye ripoti kwamba nusu imetimia bila gharama. Choo cha Mkurugenzi kilikuwa cha kukaa, na yeye ndiye mwandishi wa ahadi. Nilimwona kwa macho yangu amepanga foleni nyuma ya wapaka rangi, tai ameitupia begani, anaangalia saa.

Nitasema ukweli, hadi hapo nilikuwa nacheka. Moyoni nilijua nimekosa, lakini kosa lenye kuchekesha halimnyimi mtu usingizi. Nilianza kukosa usingizi Jumatano ya wiki ya pili, wakati ahadi ilipovuka uwanja na kuingia karakana ya viti.

Gari letu lina viti vitano. Nusu yake ni viwili na nusu. Mzee alikuja ofisini kwangu na agizo limekunjwa mfukoni mwa aproni, chaki sikioni, gundi kwenye vidole. Kwa kuwa sikuwa na kiti cha kumpa, tukasimama wote.

"Kijana, wewe ndiwe mtu wa maneno," akasema. "Nimesoma mara tatu. Nusu kiti inaanzia wapi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Miaka ishirini na sita ameshona viti, na kama wenye kazi wamesema nusu, yeye alitaka kujua nusu ipi, ya kulia au ya kushoto, yenye egemeo au isiyo nalo. Ningeweza kumwambia palepale kwamba kiti hakina nusu, kosa lina mtu, na mtu ndiye huyu. Nikamwambia nitawaandikia makao makuu niwaulize.

Akanishukuru, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenizaba kofi. Akarudi, akaishona nusu kiti bila kusubiri jibu. Aliipa mshono wa mara mbili na akaizungushia ukingo wa ngozi, kwa sababu hajawahi kutoa kazi mbovu na hakutaka kuanzia hapo. Nilipoiona nilitamani ardhi ipasuke.

Viti vikipungua, sponji ya kujazia haihitajiki. Sponji isipohitajika, tanuri la kuipika linazimwa. Tanuri likizimwa, watu wa nini? Watu kumi na watano wa mzee walirudishwa nyumbani Alhamisi, na kumi na watano waliobaki wakaambiwa wasinunue viatu vipya vya kazi.

Jioni ile mchumba wangu hakucheka tena. Alinikuta kwenye maegesho ya baiskeli akanibana ukutani kwa maneno. Akaniuliza ninangoja nini, baba yake afukuzwe ndipo nikumbuke sarufi?

Nilijitetea. Nikamwambia nikisema sasa kibarua changu kimeota nyasi, na baba yake ameshatamka kwamba asiye na kazi ya kudumu hana binti. Nikinyamaza, baba yake ndiye anayeondoka. Kote kuwili ninakosa. Nikamwomba anivumilie hadi Ijumaa ya wiki inayofuata, siku ambayo barua yangu ingetoka. Nikishaishika mkononi, nitakiri mbele ya kila mtu.

"Yaani kwanza upate, halafu ndipo useme kweli," akasema.

Nikamwambia ndiyo, kwa ufupi. Akanitazama sana. Mwisho akasema Ijumaa, na si Jumamosi.

Haya, sasa sikieni vituko. Jumanne gari la kwanza lenye viti viwili na nusu lilifikishwa kwa mchumba wangu kupimwa. Akachomeka mrija kwenye bomba la moshi, akasoma mashine, akaipiga kofi. Akasoma tena. Akaenda kumwita fundi wa mashine, naye akaipiga kofi la kwake. Mashine haikuwa na ubovu wowote. Hewa ukaa ilikuwa imeshuka.

Mchumba wangu alinieleza baadaye, huku amekunja uso. Gari likipunguzwa viti linakuwa jepesi, gari jepesi linakunywa mafuta kidogo, na mafuta kidogo ni moshi kidogo. Hapo bado hujataja tanuri la sponji, ambalo lilikuwa linafukuza ndege angani tangu kiwanda kijengwe. Kwa kifupi, ahadi niliyoikosea ilikuwa inatimia kuliko ahadi zote walizowahi kuzipatia.

Mkurugenzi alipopelekewa habari alitembea kiwanda kizima akishika watu mikono. Akamwalika mkaguzi wa hewa aje athibitishe. Sherehe ikapangwa Ijumaa uwanjani, kila mtu asimame.

Ijumaa ikafika, jua kali, watu mia nne tumesimama tunabadilisha miguu. Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye goti bovu. Jambo la kwanza alilouliza ni kiti. Wakanong'onezana pale mbele, halafu Mara Moja akamletea nusu kiti ya mzee. Akaitazama kwa muda, akaikalia kwa hadhari, akasema kwa nusu ni nzuri sana.

Mkurugenzi alikuwa na barua mbili mkononi. Ya kwanza, alitangaza, ni ya kijana hodari aliyesaidia kidogo katika ahadi hii, na leo anaajiriwa moja kwa moja. Nikaitwa mbele. Ya pili, akasema kwa sauti ya chini zaidi, ni ya karakana ya viti, ambayo inafungwa, na kiwanda kinaishukuru. Nilimwona mzee pembeni ya uwanja amesimama na watu wake kumi na watano. Alikuwa amevua kofia.

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kuelekea kwenye barua. Mkaguzi akakohoa.

Aliomba aelezwe jambo moja. Vipimo vyote ameviona na vyote ni vya kweli. Lakini pale getini amesoma neno ukaaji, na amelifikiria njia nzima kutoka getini hadi hapa, akashindwa. Linamaanisha nini?

Mkurugenzi akamweleza. Akamweleza habari ya kiti kupata joto. Alimwinua hata mkaguzi mwenyewe ili apaguse alipokuwa amekaa.

Mkaguzi hakugusa. Alisimama pale ameegemea fimbo yake. Kisha akaeleza taratibu, bila kumdhihaki mtu, kwamba neno ni ukaa, kwamba ukaa ni hewa, na kwamba hakuna mahali popote duniani ambapo watu walizuiwa kukaa kwa ajili ya hali ya hewa. Ila moshi umepungua kweli, akasema, na tanuri lile lisiwashwe tena hadi lipatikane lisilochoma dizeli. Hilo halitegemei neno.

Kicheko kilianzia nyuma, kwa mtunza stoo, kikaja mbele. Watu walicheka huku wanasugua magoti. Mhasibu alikaa chini mavumbini, kwa matako yote mawili, akasema hainuki.

Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa anakumbuka foleni ya choo, niliona usoni mwake. Akasema ahadi hiyo haikuandikwa na yeye, ilipitia kwa watu wa chini. Akasema aliyelichezea neno hilo ajitokeze, na leo hii anatoka kwenye geti lile, bila barua wala kwaheri.

Barua yangu alikuwa bado ameishika, hajaitoa na hajairudisha. Miguu yangu ikakataa kwenda mbele na ikakataa kurudi. Niliahidi kusema Ijumaa, na Ijumaa ndiyo hii, lakini mdomo ulikuwa umeshonwa.

Ndipo mzee akatoka kwenye kundi lake akaja hadi mbele, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, kosa ni langu," akasema. "Kijana alikuja kuniuliza. Nikamwambia neno lisilo na mkia halishikiki. Mimi ni fundi, nilidhani hata maneno yanashonwa."

Hakunitazama, na kwa jinsi alivyojizuia kunitazama nikajua kwamba binti yake ameshamwambia kila kitu. Nikajua pia anafanya nini. Yeye alikuwa anaondoka tu, neno liwe kosa au lisiwe. Aliona hakuna haja ya kuondoka watu wawili, na binti yake abaki bila mume mwenye kazi. Alikuwa ameamua aondoke na mzigo wangu, kwa kuwa njia ni moja.

Mkurugenzi akanigeukia akaniuliza kama ni kweli.

Jamani, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunibebea kosa. Nimebebeshwa ya wengine, na yangu nimeyabeba mwenyewe nikayadondosha miguuni. Nilimtazama mzee yule na kichwa chake cheupe juani, nikampenda kama baba aliyenizaa, sitaona haya kulisema. Sikumfikiria mchumba, sikuifikiria barua. Nilitaka tu asafishike, hapohapo, mbele ya watu wote. Uoga wote ukanitoka.

Nikapaza sauti. "Huyu mzee ni mwongo."

Nilikuwa na maneno mengine. Ningeweza kusema mzee ameghafilika. Ningeweza kusema mzee ananihurumia, au sivyo alivyosema, au nisamehe baba yangu lakini ukweli ni huu. Yapo, nayajua yote, ndiyo maana naitwa Kamusi. Kati ya yote hayo nikaokota lile moja ambalo mtoto hamtamkii mzazi hata akiwa amelala.

Nikaendelea haraka, nikasema neno nimeliandika mimi, mkia nimeuweka mimi, barua siitaki. Sidhani kama kuna aliyesikia. Watu mia nne walikuwa wanamtazama mzee.

Akaivaa kofia yake taratibu, akaiweka sawa. Hakupandisha sauti.

"Kosa lako ningelibeba, kijana," akasema. "Hilo jina silibebi."

Akamgeukia binti yake, aliyekuwa kando ya mashine yake ya moshi, akamwambia waende nyumbani. Kisha akaelekea getini bila kugeuka nyuma, na watu wake kumi na watano wakampisha.

Mchumba wangu akamtazama baba yake anavyokwenda peke yake. Akanitazama mimi. Hakumfuata, wala hakuja kwangu.